Mashine ya kusimamisha nywele, na kijana aliyesema za mwanangu si nzuri

Nilipoanza kuandika maoni haya nilikuwa nimekwisha kutoa nyota moja, na hiyo moja niliitoa kwa sababu mfumo haukubali mtu asitoe hata moja. Tangu hapo nimeyafuta mara mbili, nimeyaacha yalale siku kadhaa, na bado sina uhakika niweke ngapi. Kiingilio, saa za kufungua na njia ya kufika mtavikuta kwenye matangazo yao, kwa hiyo sitavigusa. Ninataka kueleza yaliyotokea ndani ya chumba kimoja cha maonyesho haya ya sayansi, hapa Dar es Salaam, katika likizo ya mwisho wa mwaka, siku ambayo joto lilikuwa la kumfanya mtu aoge mara tatu na bado mwili unanata.

Binti yangu ana umri wa miaka tisa. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilimkalisha sakafuni katikati ya magoti yangu nikamsuka twende kilioni, mistari iliyonyooka kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni. Alikuwa amesikia kwa wenzake kwamba kuna mashine ambayo ukiigusa nywele zote zinasimama, akaniuliza kama zikiwa zimesukwa zitasimama vilevile. Nilimjibu kwamba sijui, tutakwenda kuona. Swali hilo alilishika njia nzima kama mtoto aliyepewa nauli mkononi, asije akaliangusha, na kwenye daladala alilirudia mara mbili.

Mambo mengine ya pale niliyapitia haraka na sina ugomvi nayo. Kuba jeusi la kupulizwa upepo, ambamo watu huketi chini na kutazama nyota zikimulikwa juu yao, lilikuwa zuri ingawa ndani mlikuwa na joto la tanuri. Meza ya darubini ilikuwa na foleni ndefu, lakini dada aliyeisimamia alikuwa mvumilivu. Kama tungeondoka wakati ule, leo ningekuwa ninawasifu.

Hatukuondoka, kwa sababu tulikuwa hatujaiona mashine.

Kwa wasioifahamu, jenereta ya Van de Graaff ni tufe kubwa la alumini linalong'aa, lililokaa juu ya mnara wa plastiki, na ndani ya mnara huo kuna mkanda wa mpira unaozungushwa na mota, ukipandisha chaji za umeme juu kidogo kidogo hadi tufe linajaa. Anayeweka kiganja juu ya tufe akiwa amesimama kwenye kigoda cha plastiki hujazwa chaji na yeye, na kwa kuwa chaji za namna moja husukumana, kila unywele humkimbia mwenzake. Aliyekuwa akiiendesha siku hiyo ni kijana aliyevaa fulana ya njano ya maonyesho, kipaza sauti kimemzunguka shavuni kama cha mtangazaji wa televisheni. Aliomba mtoto mmoja ajitolee. Mwanangu alikuwa mbele kabisa, akanyoosha mkono, akapanda kigodani bila kungoja kuitwa mara ya pili, na kiganja chake kilikuwa karibu kabisa na tufe pale kijana alipomtazama kichwani na kusema, kwa kipaza sauti, watu wote wakisikia:

"Hapana, wewe shuka. Hizo nywele zako haziwezi. Nani hapa ana nywele nzuri?"

Sitasema kwamba alikusudia kutukana. Nimelifikiria sana jambo hili na ninakubali kwamba huenda alimaanisha nywele nyepesi, zilizolegea, ambazo mashine ile ingezinyanyua kwa urahisi. Hata hivyo alikuwa na maneno yote hayo ya kuchagua, akachagua "nzuri", na akaliuliza swali hilo katika chumba ambamo karibu kila mtoto wa kike alikuwa amesukwa au amenyolewa. Niliwaona wasichana wawili watatu wakijipapasa vichwa. Mwanangu alishuka kigodani polepole, akanitazama mimi niliyekuwa nimemsuka.

Akachaguliwa mtoto mwingine, mwenye nywele ndefu zilizolainishwa, akapandishwa, akaambiwa atabasamu kwa ajili ya picha. Mota ikanguruma. Tukangoja. Nywele zake ziliinuka kidogo pembeni mwa masikio kisha zikalala tena kama mtu aliyeghairi kuamka. Kijana akaongeza mwendo, akapangusa tufe kwa kitambaa, akamwambia mtoto asiguse kitu kingine, na mwisho, badala ya kusema kwamba mashine imeshindwa, akatugeukia sisi: watoto wameshikashika mno, wana jasho, ndiyo maana haifanyi kazi.

Ni hapo mwanangu, ambaye kwa tabia yake akikasirika hunyamaza, aliposema kwa sauti ya kusikika, "Kaka, mbona mimi vinyweleo vya mkononi vilisimama? Nilikuwa hata sijagusa."

Akajibiwa kwamba maswali ni mwishoni.

Mwisho huo haukufika. Aliingia mgeni rasmi na msafara wake, watoto wakapangwa kwa mstari kando ya mashine iliyozimwa, picha zikapigwa, na kijana akatoka nao akiwa bado amevaa kipaza sauti chake. Nilikwenda mapokezi kulalamika nikiwa ninatetemeka, ninakiri. Dada wa pale aliniita mama, akanipa pole, akanipa fomu ya maoni. Fomu ilikuwa na nyuso tatu za kuchagua: moja inacheka, moja inatabasamu, na ya tatu imetulia tu. Uso wa kununa haukuwamo. Niliirudisha bila kuijaza nikarudi kumchukua mtoto.

Na hapa ndipo hasira yangu inapoanza kuniharibikia, kwa sababu nilimkuta mwanangu yuko palepale kwenye mashine, na mbele yake kuna mzee mmoja aliyevaa shati la kawaida, bisibisi mfukoni, ambaye nilikuwa nimemwona asubuhi akitengeneza taa za ukumbini nikadhani ni fundi umeme wa jengo. Mtoto alikuwa amekwisha kumwamkia na kumweleza kisa chote. Mzee alikuwa amefungua kifuniko cha chini na ameshika draya, draya ya saluni kabisa, anapuliza hewa ya moto kwenye mkanda na kwenye mnara wa plastiki.

"Mashine haina ubaya, mama," aliniambia bila kugeuka. "Hewa yetu ndiyo yenye maji. Maji yanatanda hapa, utandu ambao huuoni, basi chaji zinapanda huku na zinateremkia huku. Ni kama kujaza ndoo yenye tundu. Mtoto hana kosa."

Alipowasha, mlio wa mota haukubadilika, lakini alipokaribisha kwenye tufe kijiti chenye kirungu cha chuma iliruka cheche ya buluu yenye mlio mkavu, tukashtuka wote. Akamwambia mwanangu kwamba kwa kila sentimita ambayo cheche ile inaruka hewani kuna kama volti 30,000, na kwamba haiui kwa sababu umeme unaopita ni mdogo sana na ni wa kufumba na kufumbua. Akazima, akapanga juu ya tufe vikombe vyepesi vya foili vya kuokea keki, vimefunikana kifudifudi, akamwachia mtoto awashe mwenyewe. Vikombe viliruka kimoja baada ya kingine, cha juu kwanza, vikaelea kidogo na kutua sakafuni, na mwanangu akacheka kicheko ambacho sikukitarajia tena siku ile.

Kisha akajibiwa swali lake. Mzee alimpandisha kigodani, kiganja juu ya tufe. Misuko haikusimama. "Chaji zimefika," alisema, "tazama hayo malaika ya mkono wako. Lakini msuko ni mzito, na nywele zimeshikana zenyewe kwa zenyewe. Umeme huu hauna nguvu za kunyanyua mzigo huo. Tumtafutie kitu chepesi." Akamshusha, akachana tishu kuwa tepe nyembamba, akazifunga kwenye ncha za misuko miwili kisogoni, akampandisha tena. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Tepe zile zilitikisika, zikajitenga na shingo yake, zikanyooka hewani huku na huku zikikimbiana, na mtoto ambaye hakuweza kuziona alikuwa akiniuliza kwa pupa, "Zimesimama, mama? Zimesimama?"

Zilisimama. Wale wasichana waliojipapasa vichwa walikuwa wameondoka, na hilo ndilo linalonirudisha kwenye nyota moja kila ninapofikia hapa.

Usiku ule sikulala mapema. Nilikaa na simu nikasoma kwa hasira. Mimi ni mhasibu, fizikia niliiacha kidato cha nne, lakini ilinichukua muda mfupi tu kujua kwamba Mmarekani Robert Van de Graaff alianza kuunda mashine hii mwaka 1929, ikatumika kuzipa chembe za atomu mwendo mkubwa katika utafiti wa kiini cha atomu, wala haikutengenezwa kwa ajili ya nywele za mtu yeyote. Nikasoma pia habari za Frank Oppenheimer, mwanafizikia aliyewahi kuwa mfugaji wa ng'ombe na mwalimu wa sekondari, aliyefungua Exploratorium, jumba la maonyesho ya sayansi huko San Francisco, mwaka 1969 ili watu waguse vyombo wenyewe na kuvichezea hadi waelewe. Mzee wa draya huenda hajawahi kufika huko, lakini alifanya jambo hilohilo kwa tishu na vikombe vya keki.

Mwaka huohuo wa 1969 lilichapishwa andiko la Erasto Mpemba na Denis Osborne kuhusu maji ya moto kuganda kabla ya maji ya baridi, suala ambalo wanasayansi wanalibishania mpaka leo. Habari hii sisi Watanzania tunaijua, au tunapaswa kuijua. Mpemba aliliona jambo hilo mwaka 1963 akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, walipokuwa wakitengeneza aiskrimu, akamuuliza mwalimu wake, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, mwalimu akamwambia hiyo ni "fizikia ya Mpemba", na darasa likamcheka hivyohivyo; mwisho akamuuliza Osborne, profesa wa fizikia aliyekuja kutoa mhadhara, naye akaenda kulijaribu. Sisemi kwamba mwanangu ni Mpemba. Ninasema kwamba aliuliza kuhusu kitu alichokiona kwenye mkono wake mwenyewe, mahali palipotangazwa kuwa pa watoto kuuliza, akaambiwa asubiri mwisho.

Mtaniambia nimezidisha, na mume wangu amekwisha kuniambia. Pengine. Lakini nimewahi kuona mambo haya yakifanywa vizuri, na bila fulana za njano. Tarehe 1 Septemba 2016 nilikuwa Rujewa, Mbarali, siku ya kupatwa kwa jua, mwezi ulipoliziba katikati na kuacha pete ya mwanga pembeni. Nilikuwa na miwani moja ya karatasi niliyopokezana na mama mmoja muuza ndizi nisiyemfahamu, kila mmoja akihesabu hadi kumi na kumpa mwenzake, na sikumsikia mtu akimwambia mwingine kwamba macho yake hayafai.

Kwa hiyo niweke ngapi? Mzee nampa tano, na kama zingekuwapo saba ningempa. Kijana wa kipaza sauti sina nyota ya kumpa. Kihasibu ningejumlisha na kugawa kwa mbili, nipate mbili na nusu, ila mfumo haukubali nusu. Nilikuwa nimekaribia kuandika nne pale nilipokumbuka jinsi tulivyoondoka: yule kijana alirudi, akamwambia mzee kwamba chumba kinafungwa kwa chakula cha mchana na kwamba hatakiwi kugusa kifaa bila ruhusa. Mzee akachomoa draya yake ukutani, akaikunja waya taratibu, akasema sawa. Kama waandaaji mnasoma, huyo ndiye mtu wa kupewa kipaza sauti, na kama mnamlipa kwa ajili ya taa peke yake, mwongezeeni.

Juzi jioni mwanangu aliniomba nimfumue. Alisugua puto kwenye nywele zilizofumuka, akaliegemeza ukutani, likashika kidogo kisha likateleza hadi chini. Akaliokota, akatazama dirishani kulikokuwa kunanyunya, akasema, "Unyevu." Ameniomba twende tena kipupwe, hewa ikikauka kidogo, na amenitaka nimsuke vilevile.

Nimeweka tatu. Nikimkumbuka yule kijana kesho huenda nikarudi kuipunguza moja.