Cheni tatu shingoni: uanze kununua ipi?

Nilivaa cheni tatu za kung'aa kwenye harusi Ujiji. Niliporudi Mwanga usiku ule, shingo ilikuwa na mstari wa kijani kama mtu aliyejifunga jani la mgomba. Kumbe ni shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu, na jasho la Kigoma halina mchezo: lilianza kuila kabla keki haijakatwa. Siku hizi shoga akiniuliza anunue cheni gani, namuuliza kwanza ataivaa mara ngapi kwa wiki.

Namba moja kwangu ni stenlesi. Najua wengine mtaguna, "chuma?" Ndiyo, chuma. Haiachi kijani, unaoga nayo, unaogelea nayo ziwani, na kwa bei yake unaweza kuchukua tatu kwa mpigo, na hapo ndipo kuzipanga shingoni kunapoanza. Ikiwa na maandishi 316L ni bora zaidi kwa jasho. Ile ya rangi ya dhahabu nayo imepakwa, ila rangi ikichoka chini yake kuna chuma cheupe, si shaba. Kama masikio yako huwashwa na hereni za bei chee, jaribu moja kwanza, maana stenlesi ina nikeli ndani yake.

Sasa urefu, ambao watu wengi huuruka. Ya kwanza iwe ya sentimita 40 hivi, ikae chini kidogo ya koo. Ya pili 45 au 50. Ya tatu 60. Zikipishana kwa chini ya sentimita tano zitasokotana mpaka uzikate. Unene nao usiwe mmoja: nyembamba juu, nene kidogo katikati, na yenye kidani cha kuning'inia iwe ya chini kabisa, kwa sababu uzito wake ndio unaoivuta ikae mbali na wenzake. Zikishafungana fundo, tia tone la mafuta ya mtoto ufumue kwa ncha ya sindano. Mawese usithubutu, utaondoka na wekundu kwenye blauzi. Kwa mvaa mtandio, cheni fupi ni kupoteza hela bure, hakuna atakayeiona. Anza na ya 60 juu ya gauni, kisha ongeza ndefu zaidi.

Namba mbili ni fedha, yenye muhuri wa 925, yaani sehemu 925 kwa 1000 ni fedha tupu. Huwa nyeusi ikikaa, lakini kitambaa laini huirudisha. Nenda na kisumaku: fedha hainaswi. Kifungio kikivutwa kidogo usigombane na muuzaji, ndani yake mara nyingi kuna springi ya chuma.

Tatu, shanga. Ujiji ya karne ya 19 ilifanya biashara kwa shanga kama pesa, zile walizoziita sofi, kwa hiyo bibi zetu walivaa hela shingoni kabla sisi hatujaanza kujiita wanamitindo. Uzi mmoja wa shanga katikati ya cheni mbili za chuma unapendeza kuliko cheni ya tatu. Angalia uzi wenyewe: uvute kidogo mbele ya muuzaji, maana shanga zikimwagika kwenye daladala hutaziokota zote. Juu ya kitenge chenye maua makubwa, chagua shanga za rangi moja, tena rangi iliyomo kwenye kitenge.

Dhahabu nimeiweka ya nne, na sonara asininunie. Karati 18 ni asilimia 75 dhahabu, 21 ni asilimia 87.5, na 22 ni karibu 92. Kadiri inavyopanda ndivyo inavyolainika, na cheni laini zikisuguana na stenlesi kutwa nzima zinakwaruzika. Nunua moja, ivae peke yake au na fedha. Ipimwe ukiiona, bei ya gramu na ya ufundi zitajwe mbalimbali, na karati iandikwe kwenye risiti. Kaka Waislamu, ninyi mwajua, dini inawakataza wanaume kuvaa dhahabu.

Za kupakwa juu ya shaba ni za mwisho. Kwa picha za saa mbili, sawa. Ukitoka ukumbini, vua.

Bangili sina mengi: tatu nyembamba na moja pana, mkono usio na saa. Na kabla hujaenda dukani, jizungushie uzi shingoni mbele ya kioo, ukate pale unapotaka kila cheni iishie, uende na vipande hivyo. Muuzaji atacheka, lakini atapimia hapo hapo.