TAHADHARI: "Kadi ya nauli ya mwanafunzi" inayouzwa Kilombero ni utapeli, na kibaya zaidi wanachukua alama ya kidole chako

Habari zenu wana-Arusha. Naomba mnaosoma vyuo vya huku mnisikilize, hasa mwaka wa kwanza mnaofika mjini wiki hizi, maana nyie ndio mnaotafutwa.

Kuna kijana anazunguka stendi ya daladala ya Kilombero, pale gari za Tengeru na Usa zinapopakia. Anavaa kizibao cha rangi ya chungwa, shingoni amening'iniza kitambulisho chenye picha yake, na mkononi ana daftari la majina. Anazungumza kwa upole sana. Anakuuliza unasoma wapi, unakaa wapi, unapanda gari ngapi kwa siku. Halafu anakwambia LATRA, mamlaka inayopanga nauli, wameruhusu wanafunzi wa vyuo walipe 200 kama wa sekondari, ila lazima uwe na kadi. Kadi ni 15,000, unaitumia mwaka mzima.

Mimi nakaa Kwa Mrombo, chuo kiko upande wa Tengeru. Kwenda ni gari mbili, kurudi gari mbili, na siku ikiisha nimeshatoa zaidi ya 2,500. LATRA ilipopandisha nauli Desemba 2023, safari ya mjini isiyozidi kilomita 10 ilitoka 500 ikawa 600, ya mwanafunzi ikaachwa 200. Tofauti ya 400 kwa kila gari! Kwa mtu anayepiga hesabu ya ugali na maharage mpaka mwisho wa mwezi, hiyo ni hela ya kula. Nilimwamini kwa sababu hiyo.

Ilikuwa Jumatano, siku ya soko Tengeru, stendi imefurika akina mama na mikungu yao ya ndizi. Nikampa jina, akataka na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha Taifa. Nikamtajia. Akatoa kimashine kidogo cheusi, akaniambia niweke dole gumba "ili kadi isome". Mara ya kwanza akasema haijashika, futa kidole, rudia. Nikarudia. Akasema tena rudia. Nikaweka mara tatu. Hapo ndipo ningetakiwa kushtuka, maana kadi ya nauli itasomwa na nini? Daladala zetu hela inatoka mkononi mwako inaingia mkononi mwa konda. Hakuna mashine ndani ya Hiace ya kusoma kidole cha mtu.

Nilimtumia hela kwa simu. Kabla sijaweka namba ya siri likatokea jina la mwanamke. Nikamuuliza, akajibu, "Huyo ni mhasibu wetu, dada, wewe tuma tu." Nikatuma. Kadi nikapewa kesho yake asubuhi, palepale: imepigwa plastiki, ina nembo ya Taifa, picha yangu, na neno "MWANAFUZI" limeandikwa hivyohivyo, bila N ya pili. Ile plastiki ilikuwa imeshaanza kuachia pembeni kabla sijafika garini.

Konda wa kwanza niliyemwonyesha aliigeuza mbele na nyuma akanirudishia. "Dada yangu, hii ni picha yako tu. Nauli ya mwanafunzi tunawapa hawa," akawaonyesha watoto wawili wenye sare waliosimama mlangoni. Hakunifokea wala kunidhalilisha mbele za watu, na namshukuru. Nikalipa nauli kamili. Nilijaribu gari nyingine mbili siku hiyo, majibu yakawa yaleyale.

Nilikuwa tayari kuisamehe ile 15,000. Lakini wiki moja baadaye mwenzangu wa chumba, ambaye naye alinunua, alipigiwa simu na mama mmoja analia, anataka arudishiwe hela ya kiwanja. Mwenzangu hajawahi kuuza hata kuku. Ndipo mtu akatushauri tupige *106# tuangalie laini zilizosajiliwa kwa namba zetu za NIDA. Yeye alikuta moja asiyoijua. Mimi nilikuta mbili, zote za mtandao ambao sijawahi kuutumia.

Tangu laini zisizo na alama za vidole zilipoanza kuzimwa Januari 2020, laini haisajiliwi bila kidole cha mwenye NIDA. Tapeli hawezi kutumia kidole chake, kwa hiyo anatafuta cha kwako. Kile kimashine kilikuwa kinasajili laini, na kila aliponiambia nirudie, huenda alikuwa anaanza laini nyingine. Ndiyo maana nawaomba: mkiona lile jina la mwanamke kwenye muamala, msimtukane wala kumsambaza mitandaoni. Nafikiri naye ni msichana aliyeweka kidole kabla yetu na mpaka leo hajui.

Kama ulishaweka kidole, usingoje kesho. Piga *106# sasa hivi, fuata maelekezo, hesabu laini zako. Ukiona usiyoijua, nenda duka la mtandao husika wewe mwenyewe na kitambulisho chako, waambie waifute. Mimi zangu zilifutwa palepale dukani, si kwa wakala wa mwavuli. Namba iliyopokea hela yako iripoti kwa ujumbe kwenda 15040, ni namba ya kuripoti matapeli wa simu. Kisha nenda polisi upate RB, yaani namba ya taarifa uliyoandikisha kituoni. Hiyo RB muhimu sana, kwa sababu siku mtu aliyeibiwa akija na namba iliyosajiliwa kwa jina lako, utahitaji kuonyesha kwamba ulishatoa taarifa.

Na wazazi mnaosoma hapa, mwambieni kijana wenu kabla hajapanda basi la kuja Arusha: namba ya NIDA na kidole havitolewi stendi, hata kwa mtu mwenye kizibao.

Huyo kijana sijamwona Kilombero tangu Jumamosi. Binti mmoja wa darasani kwetu anasema amemwona maeneo ya Sanawari, safari hii bila kizibao, ana mwenzake. Polisi wametuambia kila aliyeuziwa aje na kadi yenyewe na ujumbe wa muamala, kwa hiyo usiitupe wala usifute ujumbe. Tuko saba mpaka sasa. Tunakwenda kituoni pamoja Jumatatu, tunakutana Mnara wa Saa saa mbili asubuhi. Kama na wewe ulinunua, njoo.