TAHADHARI!! Datsun 240Z nyekundu, boneti nyeusi, Malindi. USITUME PESA

Asalaam aleykum jamani. Naandika hii mikono yanitetemeka, nimekaa nayo wiki mbili kwa aibu, hata mamangu nimemwambia jana tu. Kuna mzee upande wa Mayungu anauza Datsun 240Z, nyekundu, boneti imepigwa nyeusi kama zile za Safari Rally. Kama amekutumia video usitume hata shilingi. Mie nimeshatuma 380,000. Zile za shamba, mnaozijua mnazijua.

Nilifika Ijumaa baada ya alasiri. Gari imeegeshwa chini ya mkwaju, matairi yamezama mchangani mpaka tumbo limekaribia kugusa chini, hata ulale kifudifudi huoni kitu. Nikajiambia ni kawaida, gari imekaa siku nyingi. Rangi yang'aa, bado yanukia thina. Mzee akanikaribisha kahawa na kaimati, akaniita mwanangu, akamrehemu marehemu baba kwa jina, alafu akaenda akalipiga paa kwa kiganja, pa pa pa, "sikia bati hilo mwanangu, bati la Japani la mwaka 72". Nami nikapiga. Likalia bati kweli. Akafungua boneti nikaona silinda sita zimepangwa mstari mmoja, kabureta mbili ubavuni, nikasema wallahi hii ndiyo yenyewe, injini ya L24, lita 2.4. Betri hakuna. Eti kijana ameipeleka mjini kuchajiwa. Na pale betri inapokaa pamefunikwa kipande cha kapeti, nikakiona, sikukigusa. Hicho kipande cha kapeti kinaninyima usingizi mpaka leo. Nikamwambia nataka nisikie injini, akasema si nimekutumia video? Na kweli ile video nishaiangalia hata sijui mara ngapi, injini yanguruma vizuri. Hapo hapo simu yake ikalia, akaweka spika, mtu asema yuko Nairobi, aja kesho asubuhi na 450,000. Mzee akanitazama akasema, "mimi nataka ibaki Malindi kwa mtoto wa nyumbani." Nikatoa simu. Nikatuma 250,000 maana M-Pesa haikubali zaidi ya hapo kwa mara moja, alafu 130,000. Nilikuwa natabasamu nikiandika namba ya siri.

Mtasema mbona hukwenda na fundi. Jamani huyu mzee twaswali naye, yuko safu ya mbele. Na hiyo gari kwetu nyumbani si gari tu, Edgar Herrmann alishinda nayo Safari 1971, Shekhar Mehta akashinda nayo 1973, baba alikuwa akituhadithia usiku mpaka tunalala. Nikiona nyekundu na boneti nyeusi akili yote yahama, na yule mzee alilijua hilo kabla sijafika.

Jumamosi bredauni ikaileta gereji. Kijana akaweka jeki chini ya mlango, akapampu, jeki ikapanda, gari haikupanda. Jeki imeingia ndani ya gari!! Imetoboa sakafu kama mkate uliolowa. Fundi akachukua bisibisi akaanza kuchokoa, zikatoka fila, ule udongo wa kuziba mashimo ya bodi, vipande vipande na magazeti yamekandikwa ndani, alafu bati la paa la nyumba limepigwa riveti na kupakwa lami juu yake. Nikatoa ile kapeti. Chini yake waona mchanga. Na injini imekwama, haizunguki hata kwa spana ndefu, sasa ile inayonguruma kwenye video ni ya gari gani sijui.

Kuna wanaoniambia si uitengeneze tu, magari kama hayo yana thamani. Sikilizeni. 240Z haina chasisi ya peke yake kama Land Rover, bodi ndiyo chasisi, kuna reli mbili zimechomelewa chini ya sakafu na ndizo zimeshika kila kitu. Injini ikifa yafufuliwa au yatafutwa nyingine, hata ndani ikiwa imeliwa na panya si neno. Lakini reli zikiliwa na kutu, na hii hewa yetu ya chumvi, huna gari, una umbo la gari. Vipande vya sakafu na reli vyatengenezwa Marekani mpaka leo, lakini ongeza usafiri, ushuru, na fundi wa kuichomelea bodi isipinde. Kuagiza nyingine nzima kutoka nje ukachanganye nayo nako kuna ile sheria ya kutoingiza gari iliyozidi miaka 8. Fundi amenipigia hesabu milioni 1.2 kabla ya rangi. Sitengenezi. Ingekuwa na sakafu ningeuza hata kitanda nikaitengeneza.

Dalili basi. Nendeni na sumaku ndogo, penye fila haishiki, na ipitisheni CHINI, kwa vizingiti vya milango na nyuma ya matairi, paa huwa zima siku zote. Rangi mpya juu ya gari ya zamani, jiulizeni yaficha nini. Logibuku alinionyesha kopi, nilipotafuta namba kwa NTSA, wale wasajili wa magari, ikatoka pikapu. Namba ya chasisi imegongwa kwenye ukuta wa nyuma ya injini, ya Kenya yaanza HS30, hii pamesagwa.

Nimeandikisha OB, kile kitabu cha matukio cha polisi. Kifungu cha 313 cha sheria ya adhabu, cha kujipatia mali kwa udanganyifu, ni miaka 3 jela, na mie naona haitoshi kwa mtu anayekula pesa za yatima huku amekurehemu baba yako. Atolewe ile safu ya mbele! Afungwe, na gari iwekwe nje ya kituo watu waione tumbo lake. Simu yangu hashiki, mwanawe asema amesafiri, na jana usiku jamaa wa Watamu ametumiwa video ile ile, bei 420,000.

Aliyetumiwa hiyo video tafadhali anitumie namba iliyomtumia, inboksi, leo. Afisa amesema tukiwa watatu kesi yasimama, na mpaka sasa tuko wawili.