Kinubi Gani Ununue Kwanza: Aina Tano Zilizopangwa kwa Kadiri ya Muziki Unaotaka Kupiga

Nyuzi za vinubi vingi vinavyouzwa leo hupangwa kama vibao vyeupe vya piano, bila vile vyeusi. Kwa hiyo jambo linalotofautisha kinubi kimoja na kingine, kuliko ukubwa au urembo wa nguzo yake, ni njia anayoitumia mpigaji kupata nusu toni, yaani zile sauti za katikati zinazotolewa na vibao vyeusi, na njia hiyo ndiyo inayoamua kama kinubi kitafaa kwa nyimbo za kanisani, muziki wa Ireland, jazi au okestra. Mpangilio ufuatao umemlenga mtu wa Afrika Mashariki anayenunua kinubi chake cha kwanza, ambaye atapiga zaidi nyimbo za ibada na nyimbo za asili, pamoja na muziki wa klasiki kwa kiasi.

Nafasi ya kwanza, bila kusita, naipa kinubi cha nyenzo chenye nyuzi 34. Karibu na shingo, kila uzi una wenzo wake mdogo ambao ukiinuliwa kwa kidole huupandisha uzi huo nusu toni. Kinubi kikilinganishwa katika E♭, yaani nyuzi zake zikikazwa zitoe sauti za ufunguo huo, nyenzo humwezesha mpigaji kufikia funguo kubwa (meja) nane, yaani E♭, B♭, F, C, G, D, A na E, pamoja na funguo ndogo (maina) zinazoambatana nazo. Funguo hizo hutosheleza sehemu kubwa ya kitabu cha nyimbo, isipokuwa pale panapoandikwa «Doh ni A♭», ambapo mpigaji hulazimika ama kuteremsha nyuzi zote za D ziwe D♭ kabla ya ibada kuanza, ama kukubaliana na mwalimu wa kwaya kwamba wimbo uimbwe katika G au A.

Muziki wa Ireland na Scotland hukaa vizuri sana katika kinubi hiki. Nyimbo za Turlough O'Carolan, mpigaji kipofu wa Ireland aliyeishi kati ya 1670 na 1738, hupigwa leo na wanafunzi wa kinubi cha nyenzo katika nchi nyingi, ingawa wapigaji wa zama zake walikuwa na vinubi vya nyuzi za chuma visivyo na nyenzo. Mwenye kupenda klasiki naye ataweza kujifunza konserto ya kinubi na okestra ya mtunzi Handel ya mwaka 1736, iliyo katika B♭. Ugumu huanza pale muziki unapobadilisha ufunguo mara kwa mara, kwa sababu kila badiliko huuondoa mkono wa kushoto kwenye nyuzi, tena wenzo mmoja hubadilisha uzi mmoja tu. Kwa sababu hiyo sikishauri kwa anayelenga hasa jazi.

Msomaji wa Zanzibar au Mombasa huenda akauliza kuhusu taarabu. Kanuni, chombo cha taarabu chenye nyuzi nyingi zilizotandazwa juu ya kisanduku bapa, ina nyenzo ndogo kadhaa kwa kila sauti, na hizo ndizo zinazoiwezesha kutoa vipande vidogo kuliko nusu toni ambavyo makamu za Kiarabu, yaani mipangilio ya sauti ya muziki huo, huvihitaji. Kinubi cha nyenzo hakina uwezo huo. Mpigaji anaweza kuulinganisha uzi wenyewe katikati ya E na E♭ kabla ya wimbo, lakini wimbo ukihamia makamu nyingine, hatapata nafasi ya kuufuata. Anayetaka taarabu na anunue kanuni.

Unapokikagua kinubi cha nyenzo, kilinganishe chote kwanza, kisha uinue wenzo mmoja mmoja ukitumia programu ya simu ya kupimia sauti: kila uzi upande nusu toni kamili, wala usitoe mzizimo, yaani mlio wa kutetema. Simama nyuma yake uitazame shingo, kwa maana shingo iliyopinda upande mmoja ni kasoro ya gharama kubwa. Ubao wa sauti uliotuna kidogo si jambo la kutisha, kwani mvuto wa nyuzi huutunisha ubao wa kila kinubi, lakini ufa unaofuata mstari wa nyuzi ni sababu ya kukiacha. Jihadhari pia na vinubi vyenye nyenzo katika nyuzi za C na F pekee, ambavyo bei yake huvutia na funguo zake ni chache. Kwa mkaaji wa pwani ningependekeza nyuzi za nailoni, kwa kuwa nyuzi za utumbo, zenye sauti tamu na nzito zaidi, huathirika upesi unyevu wa hewa unapobadilika. Kinubi kipya cha watengenezaji wanaojulikana kama Camac, Salvi au Dusty Strings hugharimu dola elfu kadhaa kabla ya usafiri na ushuru.

Nafasi ya pili ni ya adungu, kinubi cha Waaluri wa kaskazini-magharibi mwa Uganda, na naamini wanunuzi wengi wanaoagiza vyombo kutoka mbali hawajakitendea haki. Ni kisanduku cha mti uliochongwa na kuwambwa ngozi, chenye shingo iliyopinda na nyuzi ambazo mara nyingi ni kati ya saba na kumi. Hakina nyenzo, hivyo hukaa katika ufunguo mmoja uliochaguliwa. Ila hutengenezwa kwa ukubwa mbalimbali, na kundi lenye adungu ndogo, za kati na ya besi linaweza kuisindikiza kwaya nzima, jinsi inavyofanyika katika makanisa na shule nyingi za Uganda. Kwa shule yenye bajeti ndogo ningeipa adungu nafasi ya kwanza. Anayevutiwa na muziki wa kasri la Kabaka atafute ennanga ya Buganda, yenye nyuzi nane, ambayo hufungwa pete za ngozi ya kenge kando ya nyuzi ili sauti itoke na mzizimo uliokusudiwa. Muziki wake hutumia skeli ya sauti tano, kwa hiyo usiinunue kwa ajili ya tenzi. Nyatiti na litungu za Kenya ni za ukoo mwingine, zenye mikono miwili na mti wa kukingama juu yake, nazo zinahitaji mwongozo wao.

Ya tatu ni kinubi cha Paraguay, chepesi kiasi cha kubebwa na mtu mmoja, chenye nyuzi takriban 36 zinazopigwa kwa kucha. Mdundo wake ni wa haraka na besi yake ni ya wazi, lakini kwa kawaida hakina nyenzo, kwa hiyo kinamfaa aliyekwisha kuupenda muziki wa Amerika ya Kusini.

Vinubi vidogo vya nyuzi 22 hadi 27 nimeviweka nafasi ya nne. Vinamfaa mtoto au msafiri, ila mtu mzima atakosa besi mapema.

Kinubi cha pedali kiko mwisho kwa sababu ya gharama na matunzo tu, maana kwa uwezo hakuna kinachokifikia. Kina nyuzi 47 na pedali saba, kila pedali ikibadilisha kwa pamoja nyuzi zote za jina moja kwa hatua mbili za nusu toni, kwa mtambo ambao Sébastien Érard aliusajili mwaka 1810. Sehemu za okestra za mtunzi Ravel zinakihitaji, na wapigaji Dorothy Ashby na Alice Coltrane walikipigia jazi. Bei ya kipya huzidi dola 10,000, uzito wake hukaribia kilo 40, na mtambo wake huhitaji kurekebishwa mara kwa mara na fundi aliyesomea kazi hiyo, kwa hiyo mjue fundi wako kabla ya kulipa.

Kwa kinubi chochote utakachochagua, agiza pamoja nacho seti kamili ya nyuzi za akiba na orodha ya vipimo vyake, kwa kuwa kila uzi una unene wake na kifurushi kinaweza kuchukua wiki kadhaa kufika.