Sperrkonto kwa mwanafunzi wa Lamu aendaye Munich: nyota nne za viza, mbili za maisha

Barua ya chuo ikishafika, ubalozi wa Ujerumani unataka kujua utaishi kwa fedha gani. Kwa mwanafunzi wa kubadilishana aendaye Ujerumani, jibu la kawaida ni sperrkonto: akaunti unayotia fedha zote kabla ya safari, halafu inakufungulia kiasi maalumu kila mwezi. Kiwango ni euro 992 kwa mwezi, yaani 11,904 kwa mwaka. Wa muhula mmoja wa miezi sita anahitaji euro 5,952, kwa hivyo unapojaza fomu weka miezi iliyo kwenye barua yako, usifungie fedha za mwaka mzima. Mwenye ufadhili wa, tuseme, euro 850 kwa mwezi kwa kawaida hujazia pengo la 142 tu, jumla euro 852 kwa miezi sita, mradi barua ya ufadhili itaje kiasi na tarehe.

Kufungua kwenyewe, kwa mtandao, ni kwepesi, na hapo huduma hii inastahili sifa. Pasipoti, barua ya chuo na simu yenye kamera nzuri, basi. Huna haja hata ya kuvuka bahari kwenda Mokowe, bara. Safari ndefu ya basi, Witu, Malindi, Mombasa hadi Nairobi, unaibakiza kwa viza peke yake.

Kinachokwamisha watu wetu ni majina. Pasipoti inasema Athman, cheti cha shule kinasema Othman. Huku Swaleh, kule Saleh. Akaunti hufuata pasipoti herufi kwa herufi, barua ya chuo imefuata cheti, na afisa wa viza anaona watu wawili. Muombe mratibu wa chuo cha huko arekebishe barua kwanza, umpelekee na picha ya pasipoti, ndipo ufungue akaunti. Kugeuza jina baada ya fedha kuingia ni kazi ya wiki nzima, pengine zaidi.

Kutuma fedha ndiko kunakotaka macho makali. Kwenye fomu ya benki kuna sehemu ya gharama yenye OUR, SHA na BEN. Tia alama kwenye OUR, maana yake mtumaji analipa gharama zote. Ukitia SHA, yaani gharama mgawane na mpokeaji, benki ya katikati inakata chake njiani. Ulituma 5,952, zikaingia 5,930, na cheti cha kuthibitisha fedha hakitoki mpaka hizo 22 zikamilike. Kuzituma upya kunaweza kugharimu zaidi ya hizo 22 zenyewe. Ongeza ada ya kufungua na ya kila mwezi, ambayo hutofautiana kwa kampuni inayotoa sperrkonto, kabla ya kupiga hesabu ya mwisho. Dai pia shilingi zibadilishwe moja kwa moja kuwa euro, zisipitie dola, maana kila badiliko lina hasara yake. Namba ya kumbukumbu uliyopewa iandikwe kamili. Kama fedha ni za mchango wa jamaa, mjomba wa Mombasa, shangazi wa Faza, zikusanywe kwanza kwenye akaunti moja zitumwe mara moja. Anayetuma kiasi kikubwa anaweza kuulizwa na benki karatasi za kueleza sababu, basi aende na barua ya chuo mkononi.

Hadi hapo nyota nne. Tatizo ni Munich. Euro 992 ni kiwango cha nchi nzima, na Munich ni miongoni mwa miji ghali kuliko yote Ujerumani. Chumba katika nyumba ya kushirikiana hukaribia euro 800, bima ya afya ya umma ya mwanafunzi hupita 140. Zilizobaki hazifiki 60, na hujala. Atakayepata chumba cha bweni la Studierendenwerk, shirika la huduma za wanafunzi, atapumua, kwa hiyo omba siku ileile barua inapofika. Tangazo la chumba likisema kodi baridi, huo ni ukuta mtupu. Kodi moto ndiyo yenye gharama za kupasha joto na maji. Linganisha moto kwa moto. Dhamana inaweza kufika kodi baridi ya miezi mitatu, na sperrkonto haikupi hata senti ya hiyo: inatoa kwa mwezi tu.

Tena haifunguki siku unayotua. Kwanza utahitaji akaunti ya kawaida ya benki, na mara nyingi cheti cha kusajili makazi, kinachotakiwa ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia. Cheti hicho hakitoki bila karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba. Asiyetaka kusaini, usimlipe. Kwa sababu hiyo, nje ya sperrkonto, kuwe na fedha za wiki sita za chakula na kodi, pamoja na dhamana. Mzazi anayeambiwa 5,952 inatosha amedanganywa.

Viza ikikataliwa, barua ya kukataliwa ndiyo inayofungua akaunti, na salio hurudi kwa akaunti iliyotuma. Basi aliyetuma asiifunge akaunti yake ya Lamu mpaka viza iwe kwenye pasipoti.