Tyuna iliyoniaibisha mbele ya kwaya nzima

Nilijiapiza sitaizungumzia tena tyuna hii, kile kifaa cha kupima kama nyuzi za gitaa zimekaa kwenye sauti sahihi, lakini kila nikimsikia mtu anauliza anunue ya aina gani, damu inanichemka.

Ni ile ya kubana kwenye kichwa cha gitaa. Niliichagua kwa makusudi. Tyuna ya maikrofoni inadaka kila kitu, ngoma, maongezi, hata feni. Ya kubana inafuata mtikisiko wa mbao yenyewe, kwa hiyo unatyuni hata katikati ya makelele. Hapo sikukosea, na wiki za mwanzo niliipenda mno.

Ikaja siku ya kuimba. Nikatoa gitaa kwenye begi, nikabana tyuna, nikapita uzi kwa uzi: E, A, D, G, B, E. Zote kijani, yaani ziko sawa. Nikapiga kodi ya G peke yangu, tamu kabisa. Kwaya ikaanza, kinanda kikaingia, nami nikaingia. Mungu wangu! Si kwamba uzi mmoja ulilegea, hapana. Gitaa zima lilikuwa juu kidogo, kile kidogo kinachokera masikio kuliko kosa kubwa. Mpiga kinanda akageuka, akaniambia watu wote wakisikia: "Kaka, ina maana hukutyuni?" Nilityuni! Nikabana tena, kijani tena. Nyimbo mbili zilizofuata nilizipiga nimeshusha sauti hadi mwisho.

Nyumbani ndiyo nikagundua. Pembeni kuna kitufe kinachobadilisha kipimo cha A, ile noti ambayo nyingine zote zinapimwa kwayo. Kinanda kilikuwa kwenye hezi (mitikisiko kwa sekunde) 440 kama kawaida, tyuna yangu ilikuwa 445. Hezi 5 tu, lakini ni karibu senti 20, moja ya tano ya nusu toni! Nyuzi zote sita zilipanda pamoja, ndiyo maana gitaa likiwa peke yake lilisikika safi. Kitufe kilijibonyeza ndani ya begi. Kimechomoza nje, hakina kifuniko, na ile namba inaonekana sekunde chache ukiwasha, kisha inapotea. Aliyeibuni amewahi kweli kubeba gitaa? Nyota moja, na hiyo ni huruma.

Ila niseme kweli: haikukosea kupima. Nilipoirudisha 440 nikalinganisha na kinanda, nyuzi zote zilikaa pale pale. Na ule uzi mnene wa E, unaozisumbua tyuna nyingi, hii inaushika mara moja. Basi tatu.

Hapana, mbili. Nikikumbuka lile jicho la mpiga kinanda, siwezi kutoa tatu. Ukienda kununua, iwashe, uisubiri, uone kama namba ya A inabaki kwenye kioo. Ikipotea, irudishe dukani. Yangu nimeifunika kitufe kwa plasta na bado naitumia kila wiki, na mpiga kinanda mpaka leo anaamini sikutyuni.