Programu Inayokata Miguu ya Kipepeo

Wadau, karibuni tena. Salamu ndefu baadaye, kwanza tazameni hapa kwenye skrini. Kipepeo mweusi mwenye mabaka meupe, katua juu ya ua, nimempiga picha kwa ubavuni na miguu yote inaonekana. Sasa naiingiza kwenye programu hii ya kutambua vipepeo kwa picha. Subirini... mmeona? Imeikata picha yenyewe, bila hata kuniuliza. Miguu imebaki nje!

Na kwa kipepeo huyu, miguu ndiyo jawabu. Programu imejibu Amauris niavius, tena kwa kujiamini. Rudini na mimi kwenye picha yangu ya mwanzo, naikuza. Hesabuni: mmoja, miwili, mitatu upande huu, na ule wa pili mitatu. Sita. Amauris hasimamii miguu sita. Jozi yake ya mbele imesinyaa, kaikunja kifuani, anasimama kwa minne tu. Huyu ni jike la Papilio dardanus aliyejivika mavazi ya Amauris, kwa sababu ndege wanamkwepa Amauris kwa ubaya wa ladha yake. Dume la dardanus ni la manjano na lina mikia, hakuna anayelikosea. Kule Madagaska hata majike wanafanana na madume. Kwa hiyo kabla ya kuita jina, uliza pia picha imepigwa wapi. Programu hii haikuniuliza.

Tujaribu ya pili. Rangi ya chungwa, ncha ya bawa nyeusi yenye utepe mweupe. Jibu: Danaus chrysippus. Haya, acheni ile rangi kabisa, shukeni kwenye bawa la nyuma, pale katikati. Chrysippus jike ana madoa meusi matatu hapo. Dume ana manne, na lile la nne ni kifuko cha harufu. Huyu wetu katikati hana kitu. Analo doa moja tu, juu kabisa kwenye ukingo wa mbele wa bawa la nyuma, na ukingo wa nje umechongoka vijimeno. Huyo ni jike la Hypolimnas misippus. Sasa angalieni programu ilipokata picha: imepita juu ya doa lile lile! Ushahidi wote umetupwa, imebaki rangi, na rangi ndiyo hasa kipepeo huyu anayotumia kudanganya. Mwanaasili Mwingereza Henry Walter Bates aliueleza uigaji wa namna hii, kipepeo asiye na ladha mbaya kujivika mavazi ya mwenye nayo, mwaka 1862, halafu leo mtu anatengeneza programu ya vipepeo isiyoujali. Inaniuma, kweli.

Je, unaweza kuuzima huo ukataji? Unaweza, ila mpaka ulipie kila mwezi. Mimi kulipia ili picha yangu ibaki nzima, hapana. Ile nyingine tuliyoiangalia kipindi kilichopita inapeleka picha kwa watu, inachelewa, lakini mtu atakwambia, "nipe ya ubavuni." Hilo peke yake lina thamani kubwa.

Kuhusu kasi, betri na ukubwa wake sisemi, mnavijua.

Ila niwe mkweli, sijaifuta. Inafanya kazi bila intaneti, na ukiwa katikati ya msitu hilo si dogo. Na nimepata ujanja: piga kutoka mbali kidogo, kipepeo akae mdogo katikati ya picha, basi hata ikikata, miguu na kingo za mabawa zinabaki. Halafu usiridhike na picha moja. Piga ya mgongoni mabawa yakiwa wazi, kisha msubiri ayafunge upige ya ubavuni.

Walioomba vipepeo wa jenasi ya Heliconius, nimewasikia. Kipindi kijacho ni spishi zake mbili, erato na melpomene, wa Amerika ya kitropiki. Wale ni wagumu zaidi, maana wote wawili wana ladha mbaya, hakuna wa kweli wala wa bandia, wamefananishana tu. Jiungeni na chaneli msikikose.

Kabla hatujaachana, naweka picha ya tatu, nzima, haijakatwa. Nyeusi na nyeupe tena. Naiacha kwenye skrini sekunde kumi. Hesabuni miguu, mniandikie hapo chini ni Amauris au dardanus.